Aliyeandika "Bado Panauma"

Wifi yangu ni mfupi. Nalisema hili mapema kwa sababu mambo yote yalianzia hapo, na kwa sababu yeye mwenyewe hapendi mtu amung'unye maneno. "Mimi si mdogo," husema. "Mimi ni mfupi. Mdogo ni kitu kingine." Siku kaka yangu, ambaye ni seremala, alipomleta nyumbani kumtambulisha, mama alimwuliza kwa utani kama ataifikia rafu ya masufuria. Akajibu bila kupepesa, "Nisipoifikia, mama, mwanao ataishusha. Si ndiyo kazi yake?" Mama alicheka hadi akatafuta pa kukaa. Kesho yake rafu ikashushwa.

Tulifanya kazi pamoja kwenye dobi kubwa linalofua nguo za hospitali mbili na hoteli kadhaa. Mimi nilikuwa kwenye kukunja, yeye kwenye pasi. Ukiingia asubuhi mvuke unakupokea mlangoni, umechanganyika na harufu ya sabuni na ya dawa ya kutoa madoa. Kushoto, ngazi kadhaa chini, kuna mashine za kufulia zinazonguruma kutwa nzima. Katikati kuna roli refu la moto la kunyooshea mashuka. Mwisho kabisa, chini ya madirisha yasiyofunguka, zimepangwa meza kumi na mbili za pasi. Meza zote ni za chuma, nzito, na zote ni za kimo kimoja. Aliyezitengeneza alimpima mtu mmoja tu, na mtu huyo hakuwahi kufanya kazi pale.

Wifi yangu jina la Ukosi alipewa na wenzake wa pasi. Wengine huupitishia pasi ukosi wa shati mara sita au saba, wakigeuza na kunyunyizia maji. Yeye mara tatu tu, na ukosi unasimama wima. Alikuwa na miaka kumi na tisa kwenye meza ile ile. Meza ya pili yake alikuwapo mwanamke mrefu tuliyemwita Twiga, mcheshi, mwenye mgongo mbovu.

Shida ni kwamba meza ilimpita Ukosi kiwiko. Ili pasi ilale vizuri ilibidi anyanyue bega na kutanua mkono kama kuku anayetaka kuruka, shati baada ya shati, kutwa. Twiga naye meza ilimwacha mbali chini, akawa anainama kama anayetafuta sindano.

"Tungechanganywa mimi na wewe," Twiga alizoea kumwambia, "angepatikana mtu mmoja wa saizi ya meza."

Bega la kulia lilianza kumsumbua kidogo kidogo. Mwanzo alikuwa akilikanda tu wakati wa chai. Kisha akaacha kulilalia. Kisha siku moja alfajiri akaja kwangu, maana tunakaa nyumba za kupakana, akasimama mlangoni na kitana mkononi. "Wifi, nichane. Mkono umegoma kupanda." Sikuwahi kumsikia akiomba kitu. Nilimchana, naye akawa anatazama ukuta.

Alikwenda zahanati. Daktari akamwambia kano za bega zimevimba kwa kazi, akampa vidonge na kumwambia apumzike.

"Sasa?" nikamwuliza.

"Vidonge nimemeza," akasema. "Hilo la pili anifundishe yeye linafanywaje."

Hakuwa peke yake. Kwenye lile dobi kila idara ilikuwa na kiungo chake. Watu wa pasi walikufa mabega na migongo. Sisi wa kukunja ilikuwa vifundo vya mikono. Watu wa kufulia, wanaosimama kwenye saruji yenye maji tangu asubuhi, walikufa magoti. Kule alikuwapo mzee mmoja, mpole sana, tuliyemwita Baba Magoti, kwa sababu akipanda ngazi ulimsikia kabla hujamwona. Watu walianza kuomba ruhusa za ugonjwa, wawili leo, watatu kesho, na hospitali zikaanza kulalamika kwamba mashuka yanachelewa.

Ndipo meneja akatuita kwenye ukumbi wa kulia. Alikuwa mtu nadhifu, mwenye sauti laini. Akatuambia uongozi umesikia kilio chetu na umenunua mtambo wa kisasa wa kutibu maumivu kwa mwanga. Hakuna sindano, hakuna kisu, hakuna dawa ya kumeza. Dakika kumi na tano tu, mara tatu kwa wiki, humu humu kazini. Watu wakapiga makofi. Mimi nilipiga hadi viganja vikawaka moto.

Chumba kilichokuwa stoo ya vifungo kikapakwa rangi nyeupe na kutiwa kitanda na pazia. Mtambo wenyewe haukuwa mkubwa: kasha mfano wa sanduku la safari, lenye mkono unaofanana na tochi nene, na mkanda mpana wa plastiki uliojaa vitaa vyekundu vidogo vidogo. Aliyekuja kuuendesha alikuwa binti mtaalamu wa viungo. Ukimwita daktari alikusahihisha. Neno lake la kwanza kwa kila anayeingia lilikuwa "Miwani, tafadhali," maana mwanga ule haufai kuingia machoni, na lazima uvae miwani ya kukinga macho. Basi naye akaitwa Miwani, hakukasirika.

Ukosi aliingia akiwa amekunja uso. Mimi nilikuwa benchi la nje nikisubiri zamu, pazia halizuii sauti.

"Umewasha?" nikamsikia.

"Nimewasha, mama."

"Mbona sisikii kitu?"

"Hutasikia. Haichomi, haitetemi."

"Na sasa?"

"Bado nimewasha, mama."

"Mwanangu, hata pasi ikiwaka najua. Hii mbona kama unanimulika tu unitafute?"

Miwani akacheka, akamweleza. Sehemu ya mwanga ule unaiona kwa macho, sehemu nyingine huioni kabisa. Unapenya ngozi na kufika kwenye misuli na kano, na wataalamu wanaona unasaidia kutuliza uvimbe na maumivu. Unawasaidia watu wengi kiasi fulani, wengine hauwasaidii. Hautibu kwa siku moja. Na lazima uende pamoja na mazoezi. Akamwonyesha namna ya kuvuta taulo nyuma ya mgongo, mkono mmoja juu, mwingine chini.

"Angalau wewe husemi uongo," Ukosi akasema akiteremka kitandani.

Haki isemwe: taa ilisaidia. Wiki ya kwanza hakuona kitu na alilisema hilo kwa sauti. Wiki ya tatu akalala ubavu wa kulia. Wiki ya nne aliinua mkono hadi usawa wa sikio, akaja kunionyesha uani, akiupandisha na kuushusha kama askari wa barabarani. Vifundo vyangu navyo vikapoa. Baba Magoti alipanda ngazi zote bila kusimama katikati, tukamshangilia kama bwana harusi. Taa ile tulianza kuipenda.

Mwezi wa pili msimamizi wetu akabandika karatasi ukutani. Msimamizi hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mtu wa kufuata lililoandikwa, hata likiandikwa vibaya. Karatasi ilisema kwamba kwa kuwa wafanyakazi sasa wanapata matibabu, kiwango cha pasi kinapanda kutoka mashati themanini kwa siku hadi mia moja. Na idara nyingine vivyo hivyo.

Siku hiyo hiyo likaja daftari. Lilikuwa na mistari iliyochapwa tayari: tarehe, jina, kiungo kilichotibiwa, na mwishoni maneno haya: "Nimetibiwa, sina maumivu, niko tayari kwa kazi." Pembeni nafasi ya sahihi. Kila anayetoka kwenye taa aweke sahihi. Nami niliweka. Sikusoma, na hata ningesoma ningeweka, kwa sababu nyuma yangu palikuwa na foleni na mbele yangu msimamizi ameshika kalamu.

Ukosi alilisoma lote, toka juu mpaka chini. Kisha akachukua kalamu, akayakata yale maneno kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika juu yake kwa herufi kubwa: BADO PANAUMA. Hapo ndipo akaweka sahihi.

"Mama, hili daftari si la kuandika unavyotaka," msimamizi akamwambia.

"Limeandikwa sina maumivu. Nani kalisema hilo? Bega langu au kalamu yako?"

"Lakini umetibiwa."

"Nimetibiwa, ndiyo. Andika nimetibiwa, naweka sahihi hata kwa vidole kumi. Lakini panauma, na nikisema hapaumi, siku nitakapoanguka na pasi mkononi mtanifungulia ukurasa huu."

Msimamizi aliuchana ule ukurasa. Siku ya pili ya taa Ukosi akaandika tena. Ukachanwa. Siku ya tatu akaandika, akaubonyeza kwa kalamu hadi herufi zikatokea kurasa nne chini. "Chana zote," akasema, akaenda zake mezani.

Wiki mbili za mashati mia zilitosha. Alichokuwa amekipata kwenye taa kikaanza kumtoka. Kila Jumatatu alimfikia Miwani akiwa amerudi nyuma, na Ijumaa yuko nyuma zaidi. Siku moja akaketi kitandani, akakataa kuvaa miwani.

"Niambie ukweli, mwanangu. Taa imeisha nguvu au mimi ndiye nimeisha?"

Miwani aliangalia pazia, akashusha sauti. "Taa iko vilevile, mama. Lakini mimi nakutuliza robo saa, halafu unakwenda kulitonesha bega kwa saa nane. Sijui unafanya nini huko, ila ni kama mtu anafua shuka na kulianika matopeni."

"Hujui ninachofanya? Basi njoo uone."

"Sijaruhusiwa kutoka huku."

"Nani kakukataza?"

Binti akafikiri. "Hakuna aliyenikataza," akasema. "Sijauliza tu."

"Basi usiulize."

Akaja. Alikuja saa ya chai, na koti lake jeupe na futi ya utepe mfukoni. Akamsimamisha Ukosi mezani, akapima kutoka sakafuni hadi kiwikoni, kisha kutoka sakafuni hadi juu ya meza. Akapima tena kama asiyeamini. Akaenda kwa Twiga. Twiga akasimama wima kwa mbwembwe, "Pima vizuri, binti, nisije nikashonewa sare fupi." Watu wakacheka, lakini Miwani hakucheka. Alizunguka meza zote kumi na mbili. Kisha akateremka kule kwenye kufulia, akasimama dakika kumi juu ya saruji yenye maji na viatu vyake vyepesi. Alipotoka alikuwa anabadilisha mguu wa kusimamia.

Aliandika ripoti ya kurasa mbili. Alimsomea Ukosi kabla ya kuipeleka. Ilisema kwamba mwanga unasaidia, lakini hauwezi kushindana na kazi inayoumiza mwili upya kila siku. Wafupi wawekewe majukwaa ya kusimamia, meza za warefu ziinuliwe, kwenye saruji yatandikwe mazulia ya mpira, na kiwango kirudi mashati themanini. Meneja aliipokea, akamshukuru kwa ile sauti laini, akaitia kwenye droo. Siku tisa zikapita, droo haikufunguliwa.

Siku ya kumi Ukosi alimwambia mumewe, "Nichongee jukwaa." Kaka yangu hakuuliza maswali. Alishamjua. Alichonga jukwaa la mbao ngumu, kimo cha kiganja na nusu, akalipigilia ukanda wa mpira juu lisiteleze. Asubuhi Ukosi akaingia getini amelibeba kwa bega la kushoto, mguu mmoja mbele ya mwingine, bila kusalimia mtu. Akaliweka, akapanda, akapiga pasi. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa nikaona kiwiko chake kikiwa chini, mahali pa kiwiko.

Saa nne msimamizi akafika. "Mama, kifaa hiki hakimo kwenye orodha ya vifaa."

"Na mimi nimo?"

"Nini?"

"Kwenye hiyo orodha. Tazama kama nimo, maana nami natumika hapa."

Jukwaa likapelekwa getini kwa mlinzi. Jioni akalichukua, akalibeba kurudi nalo nyumbani. Asubuhi akalileta. Likapelekwa getini. Akalichukua. Siku tatu mfululizo. Mlinzi akaanza kumsaidia kulipandisha begani. Siku ya nne Ukosi aliliweka chini mbele ya meza yake, akazima pasi, akaketi juu ya jukwaa, mikono magotini.

"Likitoka, natoka nalo," akasema. "Likibaki, napiga mashati themanini. Mia moja sipigi, hata mnimulike kwa jua lenyewe."

Aliitwa ofisini. Alinisimulia mwenyewe baadaye, na Twiga, aliyemsindikiza akasimama nje ya mlango, alinithibitishia kila neno.

Meneja alimkaribisha kiti. Akamwambia anamheshimu sana kwa utumishi wake. Akamwambia pia kwamba uongozi ulinunua ile taa kwa nia njema, na kwamba mtu mmoja asiyeshukuru anaweza kuwakosesha wengi. "Kama taa haisaidii, mama, kama kila siku bado panauma, basi hakuna haja ya kuwa nayo. Nitaifunga."

"Sijasema haisaidii," Ukosi akajibu. "Inasaidia. Ninachosema ni kwamba isiwe plasta ya kunizibia mdomo. Taa iwake, na meza irekebishwe. Mbona hayo mawili hayagombani?"

"Hilo la meza liko kwenye mchakato."

"Liko kwenye droo, baba. Ya pili kutoka juu. Naiona kutoka hapa."

Mchana huo chumba cha taa kikafungwa kufuli. Kwenye mlango pakabandikwa: "Huduma imesitishwa kutokana na malalamiko ya wafanyakazi." Ukosi akapewa barua ya onyo, akakataa kuitia sahihi, akaomba nakala. Miwani akaambiwa akae nyumbani hadi atakapoitwa.

Sasa nifike mahali ambapo sijisikii vizuri kusimulia. Watu walimgeuka Ukosi, na mimi nilikuwa miongoni mwao. Malalamiko ya wafanyakazi, wote tulijua ni ya nani. Kwenye ukumbi wa kulia benchi lake lilibaki na watu wawili, yeye na Twiga. Baba Magoti, yule mpole, alimfuata mbele ya watu, macho yamejaa machozi.

"Mwanangu, nilikuwa nimeanza kutembea," akamwambia. "Nakuomba. Kaombe radhi ile taa ifunguliwe. Neno moja tu."

Ukosi alisimama, kwa heshima, kama unavyosimama mbele ya baba. "Mzee, taa ni haki yako, na mimi sikuifunga. Lakini nikienda kuomba radhi kwa kusema panauma, kesho na wewe utasema hapaumi huku unaburuta mguu. Sitaomba."

Mzee alitikisa kichwa, akaondoka polepole. Chumba kizima kikamwangalia Ukosi kwa jicho baya. Mimi nikamfuata jikoni kwake jioni, mbele ya kaka yangu, nikamwambia anajifanya anajua kuliko wote, na kwamba vifundo vyangu si vyake vya kuchezea. Hakupandisha sauti.

"Wewe uliweka sahihi, wifi," akasema. "Mara ngapi?"

Nikaanza kuelekea mlangoni.

"Sikulaumu. Lakini kila ulipoandika hapaumi, mimi nikawa mwongo peke yangu."

Nilitoka bila kuaga. Asubuhi ya pili hakuja na kitana, ingawa mkono ulikuwa umegoma tena. Alikwenda kazini amefunga kitambaa.

Ikapita wiki, kisha ya pili. Hapo ndipo jambo lenyewe likajisema, bila mtu kulihubiri. Taa ilipofungwa, maumivu hayakurudi kwa wote. Fundi wa mitambo, aliyeteguka kifundo cha mguu akicheza mpira, alikuwa ametibiwa akapona, na alibaki amepona. Mke wa mlinzi wa getini, aliyekuwa akisafisha ofisi na aliyeumia shingo kwa kulala vibaya, naye mzima. Sisi ndio tuliorudi pale pale. Mabega ya pasi yakarudi, vifundo vya kukunja vikarudi, magoti ya saruji yakarudi, kila kiungo kwenye idara yake.

Aliyeliona wa kwanza alikuwa Baba Magoti. Alikuwa na siku nne za mapumziko akakaa kwa mwanawe, magoti yakatulia bila taa wala dawa. Aliporudi, saa tano asubuhi ya siku ya kwanza yakawaka. Alisimama katikati ya mashine, akatazama chini kwenye maji, akatazama miguu yake. Kisha akazima mashine yake, akapanda ngazi, moja moja, kila mtu akimsikia, hadi kwenye meza za pasi.

"Mwanangu," akamwambia Ukosi, "haya magoti si mabovu. Ni ile sakafu. Nilikuja kukulilia wewe badala ya kuililia sakafu. Unisamehe."

"Hakuna la kusamehe, mzee. Kaa." Akamsogezea jukwaa, maana siku zile alikuwa amelirudisha, na msimamizi alikuwa amechoka kulipeleka getini.

"Sikai. Kalamu iko wapi?"

Daftari la taa lilikuwa limefungiwa. Twiga akachana upande wa boksi la sabuni, akautundika kwa pini za nguo kwenye waya wa mashati. Baba Magoti aliandika jina lake kwa taabu, herufi moja baada ya nyingine, na mbele yake: Bado panauma. Magoti. Twiga akafuata: Mgongo. Wakaja watu wa roli la mashuka. Mimi nilikuwa mbali, na rundo la foronya mbele yangu. Nilizikunja tatu, nne, sioni ninachokunja. Kisha nikaenda. Niliandika jina langu, na vifundo, vyote viwili. Ukosi ndiye aliyenipa kalamu, akanifinya mkono kidogo, upande usiouma.

Hadi saa nane kulikuwa na majina arobaini na moja kwenye boksi lile. Mashine ziliendelea, hatukugoma. Tulifanya kazi kwa mwendo ambao miili yetu iliuweza, basi. Jioni hiyo mashati yalitoka themanini kwa kila meza, si moja zaidi. Kesho yake themanini. Msimamizi alisoma boksi lote, kisha akalishusha mwenyewe, akalipeleka ofisini kwa mikono miwili kama anayebeba sinia. Nilisema hakuwa mtu mbaya.

Meneja alishikilia siku sita. Kilichomshusha sijui hasa. Labda hospitali zilimpigia simu, labda aliogopa wakaguzi wa kazi, maana Miwani, aliyekuwa kakaa nyumbani bila kitu cha kufanya, alikuwa ameandika nakala ya pili ya ripoti yake na hakuificha kwamba anayo. Siku ya saba walikuja mafundi na vipande vya mbao. Meza ya Twiga na tatu nyingine zikainuliwa. Wafupi wakachongewa majukwaa, na waliochonga walikuja kuazima lile la kaka yangu wapate mfano. Mazulia ya mpira yaliletwa, ingawa nusu tu ya yaliyohitajika, nusu nyingine ilichukua mwaka. Kiwango hakikurudi themanini. Kilisimama tisini, na Ukosi hadi leo hupiga themanini na tano, kisha hukunja waya wa pasi.

Chumba cha taa kikafunguliwa. Miwani akarudi na futi yake mfukoni. Daftari jipya halina maneno yaliyochapwa. Lina mstari mtupu, na kila mtu anaandika anavyojisikia. Nilipata kulichungulia. Mmoja kaandika "nafuu." Mwingine "leo bora kuliko jana." Twiga kaandika barua nzima.

Bega la Ukosi halikupona lote. Miwani alimwambia wazi kwamba miaka kumi na tisa haifutiki, na kwamba wangemtibu mapema zaidi hali ingekuwa nyingine. Hunyanyua mkono hadi juu ya kichwa sasa, lakini siku za baridi humkamata, naye huenda kwenye taa na kufanya mazoezi yake ya taulo bila kukosa. Barua ya onyo bado imo kwenye faili lake. Meneja alijitolea kuiondoa, Ukosi akakataa. Alisema anataka atakayekuja baada yake aisome.

Mwezi uliopita nilimkuta amesimama kwenye kiti chini ya madirisha yasiyofunguka, ameshika kipimajoto cha hewa alichoazima kwa Miwani. Alikuwa anasoma, anaandika, anasubiri, anasoma tena. Msimamizi akapita, akasimama, akamtazama.

"Mama," akasema kwa unyonge, "sasa nini tena?"

"Nyuzi thelathini na nane," akamjibu bila kugeuka. "Nishikie kiti."

Akakishika.